Tupeane uzoefu: mtindo wako wa kuandika uliupataje?

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, na ningependa tuelezane jinsi kila mmoja wetu alivyofikia mtindo ambao msomaji, hata jina la mwandishi likifichwa, atasema huyu ni fulani. Naanza mwenyewe.

Mimi ni zao la insha za mtihani. Tulizoezwa kuamini kwamba insha nzuri lazima ifunguliwe na jua linalochomoza mashariki, ndege wanaomsifu Mola kwa nyimbo tamu na moyo unaodunda kama ngoma. Niliyakariri mapambo hayo katika daftari dogo, na katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya sekondari nchini Kenya, ambapo karatasi ya kwanza ya Kiswahili hudai insha mbili za maneno yasiyopungua 400 kila moja, yalinifaa kweli. Taabu ilianza baadaye, nilipotaka kuandika juu ya nyanya yangu aliyekuwa akianika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, karibu na ufuo wa Dunga. Ukurasa ulijaa jua, ndege na Mola, ila nyanya mwenyewe hakuonekana popote.

Nikaufuta wote, nikajiuliza nilikuwa nimeona nini hasa. Nikaandika: “Nyanya alitandaza wavu chini, akamwaga omena, akaketi na fimbo kuwafukuza kuku.” Nilipomsomea dada yangu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbona sikutaja magamba yaliyokuwa yakimng’aa vidoleni hata baada ya kunawa. Magamba hayo yamo katika hadithi hadi leo, na tangu siku hiyo huanza na kilichoonwa na macho. Tamathali nikiihitaji, huja yenyewe.

*

Kutoka Kakamega: Asante kwa kuanzisha. Kwangu mimi jambo lilikuwa mdundo. Babu alikuwa akitusimulia kwa Kiluhya, na mtu wa hadithi yake hakwenda mara moja. Alikwenda, akaenda, akaenda, mpaka sisi watoto tukachoka miguu tukiwa tumeketi. Nilipojaribu kuuleta mwendo huo katika Kiswahili, mwalimu wangu mmoja aliukata kwa kalamu nyekundu akisema narudiarudia, nami kwa miaka mingi niliandika sentensi zilizolingana urefu kama matofali.

Kilichonifungua ni isukuti, ngoma ya jadi ya Waluhya. Ngoma zake hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, na nilipozisikiliza kwa makini katika arusi moja nilitambua kwamba utamu wake hautoki katika ngoma moja bali katika kupishana kwa zote tatu. Siku hizi nikimaliza aya huisoma kwa sauti, na nikikuta sentensi nne za urefu mmoja zikifuatana, huvunja moja. Kule kurudia kwa babu nimekurejesha pia, ila mara moja tu katika hadithi nzima, mahali ambapo safari ni ndefu kweli.

*

Kutoka Nakuru: Naomba nimtetee kidogo yule mwanafunzi wa daftari dogo. Bila kukariri na kuiga, wengi wetu tusingekuwa na maneno ya kuchagua. Nilimwiga mwandishi mmoja wa magazeti kwa muda mrefu, hata nukta zake za kukatiza, na sioni kwamba nilipoteza wakati.

Nilichotoka nacho kwake ni nidhamu. Sauti niliipata kazini. Nilikuwa nikiwachapia watu barua katika saiberi, yaani duka la kompyuta na intaneti, na mama mmoja aliyetaka kumwandikia chifu juu ya mpaka wa shamba alikataa barua yangu ya kwanza, iliyojaa “kwa heshima na taadhima”. Akasema, “Mwanangu, andika kwamba ule mwarobaini niliupanda mimi.” Nikaanza barua upya na mwarobaini katika mstari wa kwanza. Alipoisikia ikisomwa, alitikisa kichwa kukubali, akaifungua leso yake na kulipa.