Kibuye, supamaketi au mama mboga: wapi matumizi ya wiki yanapungua kweli?

Mama_wa_Mamboleo:
Hamjambo wenzangu. Tunaishi Mamboleo, Kisumu: mimi na mume wangu, watoto watatu na mpwa anayesoma shule ya kutwa. Mwezi uliopita niliandika kwenye daftari kila shilingi ya chakula. Wiki ya kwanza nilinunua kila kitu supamaketi, nikatumia shilingi 4,350. Wiki mbili zilizofuata nilikwenda Soko la Kibuye Jumapili asubuhi, nikatumia 3,400 na kisha 3,560, na wiki ya mwisho nilimtegemea mama mboga wa hapa langoni, ikafika 3,900. Kibuye inaonekana kushinda, lakini matatu ya kwenda na tuktuk ya kurudi na mizigo hunila 250 kila safari, kwa hiyo ile Jumapili ya pili iliniokolea shilingi 90 tu kuliko wiki ya mama mboga, baada ya kutwa nzima juani. Je, nyinyi mnafanyaje?

BabaWawili:
Shemeji, daftari lako halijaonyesha ulichotupa. Nyanya za soko la Jumapili huwa rahisi kwa sababu mara nyingi zimekwisha kuiva, na familia isiyo na friji ikizinunua kwa ndoo, kufikia Alhamisi zinavuja maji. Mama mboga anakuuzia nyanya nne za leo, anakukatia sukuma wiki bila malipo, na siku mshahara ukichelewa anakuandika kwenye kitabu chake. Kwa mboga za majani, iwe ni kunde, mrenda au osuga, mimi sitoki mtaani.

Muuza_Nafaka_Luanda:
Ninauza mahindi na maharagwe huku Luanda, Vihiga, kwa hiyo nitasema jambo ambalo wenzangu wa biashara hawatalipenda. Mama, bei uliyoiandika si bei mpaka ujue kipimo. Gorogoro ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na mahindi makavu yakiujaza vizuri hupita kilo mbili kidogo. Lakini mkebe huo hugongwa kitako kikabonyea kuelekea ndani, au ubavu ukasukumwa kwa kidole gumba, na mnunuzi anayetazama kile kilele kinachorundikwa juu hafahamu kwamba amekwisha kupunjwa chini. Kabla ya kupimiwa, ingiza mkono ndani ya mkebe ukiwa mtupu na upapase kitako. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kisha ziume punje mbili tatu za mahindi. Zikilia kwa ukavu, nunua. Zikibonyea chini ya jino, unalipia maji, na mahindi hayo yakikaa ndani ya gunia huvunda na yanaweza kuingia sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika.

Unga nao uangalie hivyohivyo. Mahindi yakisagwa bila kukobolewa, unga unaorudi nyumbani unakaribia uzito uliopeleka kinuni, lakini ukiyakoboa, pumba hubaki kule, kwa hiyo anayependa ugali mweupe asilinganishe bei ya gorogoro na bei ya pakiti bila kuhesabu pumba hizo.

Mwalimu_Nakuru:
Nami niongeze la viazi. Hapa Nakuru tuko karibu na Molo, na majirani wanne tunachangia gunia moja la kilo 50, ambacho ndicho kipimo kilichowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Kila nyumba hupata kilo 12 na nusu. Tunapima kwa mizani siku hiyohiyo, kila mtu akiwa anaona, kwa sababu chama kilichotutangulia kilivunjika kwa ugomvi wa viazi vidogo. Viweke gizani, maana vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu, na vya namna hiyo havifai kuliwa.

Nyar_Dunga:
Mmesahau omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa ziwani na bei hupanda, kwa hiyo nyumbani kwetu tunanunua ya kutosha mwezi Machi na kuianika tena wenyewe. Chota kiganjani kutoka chini ya gunia, si juu, kisha upepete: ile iliyoanikwa mchangani huacha chembechembe, na mchanga nao unapimwa pamoja na samaki. Iliyoanikwa juu ya nyavu ni ghali kidogo ila ni safi.

Supamaketi ninaingia kwa sukari, mchele na sabuni tu, na ninasoma uzito kabla ya bei. Pakiti mbili za maziwa zinaweza kukaa bega kwa bega, moja ya mililita 500 na nyingine ya 450, na usiposoma maandishi madogo huwezi kuzitofautisha.

Mama_wa_Mamboleo:
Asanteni sana. Jana nilipeleka maharagwe niliyoyanunua kwa jirani mwenye mizani ya keki. Gorogoro niliyolipia shilingi 280 ilitoa kilo 1 na gramu 700, kwa hiyo kilo ilinigharimu karibu shilingi 165, ilhali supamaketi nilikuwa nimeyaacha kwa 160 nikiyaona ghali! Nimeamua nafaka niende kuzinunua mara moja kwa mwezi pamoja na dada yangu, ili tuktuk tuigawane, na mboga zirudi kwa mama mboga. Kaka wa Luanda, je, muuzaji atakubali nikija na mkebe wangu mwenyewe?

Muuza_Nafaka_Luanda:
Wengine watakubali, wengine watakwambia mkebe wako ni mkubwa kupita kiasi. Huyo wa pili mwache, nenda kibanda kinachofuata.