Mende wadogo jikoni, poda nshamwaga paketi tatu na bado wapo, nifanyeje?

UmmuZ_Kikwajuni
Asalam alaykum jamani. Mie nakaa flati za Kikwajuni ghorofa ya pili na nna mende mpaka naona haya mgeni akibisha hodi. Si wale wakubwa wekundu wa chooni, hawa ni wadogo wa rangi ya kahawia wana mistari miwili myeusi hapa shingoni, usiku ukiwasha taa jikoni ukuta wote unatembea wallahi. Nlianza na ya kupuliza, wakahamia chumbani kwenye king'amuzi. Nkaambiwa dawa ni poda, nkashuka Darajani nkanunua paketi tatu za unga mweupe nkamwaga nyuma ya jiko, chini ya sinki, pembeni ya kabati, pakawa kama mtu kamwaga sembe. Wiki ya pili hii. Asubuhi nkiangalia naona vinyesi vyao pembeni ya unga, wameuzunguka kama gari inavyozunguka shimo, kuukanyaga hawaukanyagi! Na mie napika mikate ya kumimina na visheti vya kuuza hapo hapo, na mtoto wa miezi tisa ndo kwanza anatambaa. Nimeuziwa chokaa au vipi?

zamani_mpulizaji
Waalaykum salaam dada. Hukuuziwa chokaa pengine, umemwaga vingi tu. Nimepuliza dawa kwenye mahoteli ya Paje na Jambiani miaka sita na kosa hili nimeliona mpaka kwa mafundi wenzangu. Mende hali ile poda kama chakula, anapita juu yake ikamganda miguuni na kwenye zile pembe zake ndefu, akirudi shimoni anajilamba kujisafisha kama paka, hapo ndo inaingia tumboni. Sasa ukimwekea chungu ya unga anaiona ni mlima, anazunguka. Inatakiwa iwe nyembamba, uipige mpaka ukitazama kwa mbali huioni, vumbi tu. Chukua chupa tupu ya tomato ile ya kubinya, ioshe, IKAUKE KABISA, tia poda robo, ibinye kidogo puf puf kwenye nyufa, nyuma ya friji pale penye mota maana pana joto na wanapapenda, kwenye tundu bomba linapoingia ukutani, ndani ya bawaba za kabati. Sakafuni ambapo mtoto anapita usitie hata chembe, na hiyo uliyomwaga izoe leo leo kwa kitambaa kibichi, usifagie ikapeperuka ukaivuta puani.

Halafu soma paketi imeandikwa nini. Kama ni asidi ya boriki inaua polepole, siku tatu nne mpaka wiki na zaidi, usikate tamaa. Kama ni permethrini au deltamethrini hizo zinapiga mishipa ya fahamu, utamkuta kalala chali anatikisa miguu, ila wengi wa hawa wadogo washazizoea, hata ya kupuliza nyingi ni ukoo huo huo ndo maana walikuhamia chumbani badala ya kufa.

keram_barazani
ile poda tunayomwaga kwenye ubao wa keram kete ziteleze si ndo boriki hiyo hiyo?? sie baraza letu hatuna mende 😂

zamani_mpulizaji
Nyingi ni boriki kweli, nyingine ni wanga tu na ukiwamwagia wanga umewaandalia futari. Soma paketi bwana.

Mzee_wa_Vitabu
Niongeze kidogo. Hawa wadogo wanaitwa mende wa Kijerumani, na kwa vile flati za Kikwajuni zilijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki nshasikia watu wanasema walikuja na saruji. Si kweli. Jina alilitoa Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyekuwa akivipa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1767, na watafiti mwaka 2024 walichungua jeni zake wakakuta asili yake ni Asia Kusini, kiasi cha miaka 2,100 nyuma. Na yule mkubwa wa chooni aitwaye wa Marekani naye si wa Marekani...

mpemba_wa_wete
Sheikh tumeulizwa dawa, hatukuulizwa nasaba 😂😂

Dada mie nakwambia moja, usije ukashawishika na dawa za shamba. Kuna mtu kwetu alipimiwa poda kwenye kipande cha gazeti, haina jina haina chochote, akaambiwa hii ya tikiti lakini mende haichezi. Kweli mende walikufa. Na yeye jioni mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno, jasho, anatapika, macho haoni sawa, akabebwa spitali na cha kwanza daktari kuuliza ni dawa gani, nani ajue? Gazeti! Poda isiyo na paketi usiitie ndani. Na ile chaki ya Kichina usichore nyumba yenye mtoto, ina sumu ya ukoo wa deltamethrini na mtoto anaiona chaki anaitia mdomoni. Ah na kama una paka, permethrini kwa paka ni balaa, mwili wake hauwezi kuivunja. Wa kwetu alitetemeka usiku kucha, alfajiri keshakufa.

bi_mkubwa_Mkunazini
Mwanangu sie zamani tukitia karafuu kwenye kabati na chumvi.

zamani_mpulizaji
Shikamoo bibi. Karafuu harufu yake inawasogeza, hawafi, wanahamia kabati la pili.

UmmuZ_Kikwajuni
Marahaba zote jamani, nimesoma paketi, imeandikwa boriki alhamdulillah. Nimeizoa yote. Suali, sasa nna poda nyingi imebaki na niliitia kwenye kopo la maziwa...

mama_visheti
SHOGA YANGU LITOE HILO KOPO JIKONI SASA HIVI. Unga mweupe, kopo la maziwa, nyumba ya kupikia, hujui mama mkwe atakuja siku gani akafikiri ni bekin poda. Kwangu ilibakia kidogo, wifi alishachota kijiko. Rudisha kwenye paketi yake, funga, weka juu ya kabati la nguo. Na trei za mayai unanunua? Angalia chini ya zile karatasi, wangu nliwaleta mwenyewe hivyo, kwenye mikunjo ya trei umejaa watoto wa mende. Siku hizi natoa mayai mlangoni, trei haingii.

zamani_mpulizaji
Mama visheti kasema kweli tupu. Na maji dada, usiku kausha sinki, mfereji unaodondosha ufungwe au tia kitambaa kikavu, boriki ikilowa inaganda kama saruji na haifai tena, masika hii usiiache bila kuikagua. Jike moja linatembea na kifuko cha mayai nyuma, ndani yake 30 mpaka 40, poda haiyagusi yakiwa humo, kwa hiyo wiki ya tatu ukiona vitoto vyeusi vidogo kama punje ya ufuta usipige kelele kuwa dawa haifanyi kazi, hivyo vimeanguliwa sasa na vitapita juu ya poda ile ile. Na ukishatia poda usipulize ya kopo juu yake, utawafukuza wasipite.

UmmuZ_Kikwajuni
Narudisha jibu, siku ya 19 leo. Nlitumia chupa ya tomato, nyuma ya friji nlizoa wafu wakajaa kijiko cha uji, kwenye king'amuzi sioni kitu. Vitoto vya ufuta vilitokea kweli siku ya 15, nkakaza roho. Jana usiku nimewasha taa nkahesabu wanne. Ila wote wanne wametokea pale bomba linapopanda kutoka kwa jirani wa chini, na yeye nasikia bado anamwaga kwa kijiko. Kesho nampelekea visheti na chupa yake ya tomato.