Kabandika anwani yangu ya intaneti kwenye grupu, anaweza kufika kwangu Uyole, Mbeya?

Mfuga Kuku Uyole: Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Jana nimebishana na jamaa kwenye grupu la gemu. Akatuma linki, nikabonyeza, mara kabandika namba yenye nukta: "Hii IP yako, nakuja mpaka mlangoni." Nimelinganisha, ni yangu kweli. Mama watoto kafunga geti saa kumi na mbili! Nizime ruta moja kwa moja?

Kipunji: Linki ndiyo imekuuza. Kila tovuti unayofungua inaiona hiyo namba, la sivyo ingerudisha wapi majibu? Itafute kwenye ramani za IP uone. Mimi niko Tukuyu huku huku Mbeya, yangu inasema Dar. Atagonga mlango Kariakoo huyo.

Mfuga Kuku Uyole: Dar kweli 😂

Bibi Ulezi: Msimcheke mwenzenu. Namba haionyeshi nyumba, ila kampuni inayokupa intaneti inajua saa fulani ilikuwa kwa nani. Kumbukumbu hizo hazitolewi kiholela, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Labda jamaa awe na shemeji humo ndani, na shemeji naye atakuwa na kesi.

Fundi Mwanjelwa: Ingia kwenye ruta kwa kivinjari, anwani ya nyingi ni 192.168.1.1, cheki kibandiko chini yake. Angalia namba palipoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, ile namba ya nje mnaitumia wengi kwa pamoja. Namba za aina hii, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi, kwa hiyo mnabanana kama kwenye daladala ya Mbalizi. Kama ni yako peke yako, anaweza kukujazia mtandao ukwame. Zima ruta kwa muda, mara nyingi ukiwasha unapewa nyingine. Na nywila ya ruta ibadilishe leo, nimefunga nyingi mjini hapa, wengi wameacha jina na nywila za kiwandani, admin/admin.

Mfuga Kuku Uyole: Na VPN, zile za kuficha IP, je?

Kipunji: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 zisajiliwe, usikurupuke.

Bibi Ulezi: Mwanangu, picha yako ya wasifu kwenye hilo grupu ikoje?

Mfuga Kuku Uyole: Nimesimama bandani, nyuma kuna bango la mayai.

Bibi Ulezi: Lina namba ya simu?

Mfuga Kuku Uyole: …na "mkabala na kanisa". Naitoa sasa hivi.