Siku 95 anasamehewa, sisi siku MOJA tumefungiwa mlango

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu mwezi jana, leo nalitema.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huku Sikonge, Tabora. Mnunuzi alibeba ndoo zetu za asali akalipa nusu, tukaenda mahakamani, tukashindwa. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa Jumanne. Basi likazama kwenye tope, tukaingia mjini Jumatano asubuhi, bahasha ya kaki imelowa pembe zote. Karani akanigeuzia muhuri wa tarehe niusome mwenyewe. "Ilikuwa jana, mama." Tukaomba kuongezewa muda, tukaambiwa tueleze kila siku tuliyochelewa, ndiyo masharti ya shauri la Lyamuya la 2010 ambalo mahakama zetu hulifuata. Hatukuwa na barua ya mwenye basi. Ombi likatupwa.

Sasa sikieni ya wakubwa. Marekani inawatoza ushuru wa ziada wanaouza kwao kwa bei ya kutupa, na asali ya China imo tangu 2001, ndiyo maana nafuatilia. Kwenye shauri la Grobest, lililoamuliwa mwaka 2012, kampuni ya kamba wa baharini ya Vietnam ilichelewesha hati ya kuthibitisha kwamba haiendeshwi na serikali, ili ipewe kiwango chake yenyewe cha ushuru badala ya kile cha jumla cha nchi yake. Ilichelewa siku 95! Wizara ya Biashara ikaikataa hati. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa kule New York ikasema wizara imekosea, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa bado mchanga na kuipokea kusingeisumbua sana.

Kusingemsumbua nani? Wizara hiyo kwa kawaida ina siku 245 za kutoa matokeo ya awali. Siku 95 ni zaidi ya theluthi. Na wale waliokesha wakatafsiri mahesabu yao, wakaleta kwa wakati, wamepata nini?

Kinachoniuma zaidi ni muuza asali. Dongtai Peak ya China iliomba kuongezewa muda wa kujibu maswali ya wizara hiyo siku 2 tu baada ya muda kwisha. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya huko Marekani ikaiambia hakuna kilichokuzuia kuomba mapema, ikabaki na ushuru wa jumla wa China. Uamuzi huo mimi nauheshimu, hata kama ungeniumiza mwenyewe, kwa sababu mtu anajua anasimama wapi. Ila huwezi kumpokea wa siku 95 ukamfukuza wa siku 2, halafu ukasema unapima kila shauri kwa mazingira yake. Mazingira yanapimwa na aliye na hela ya wakili wa kuyaeleza! Sisi tope letu lilikuwa mazingira gani?

Mawakili mlio humu, hasa wa Tabora, nijibuni: hiyo kampuni ya kamba ingeleta ombi lake kwetu, kwenye kiapo ingeandika nini kuhusu siku ya 40? Ya 41? Ya 94?