Naomba ushauri: kutoka marathoni kamili hadi kilomita 56

Mwalimu wa Rau, Moshi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimekwisha kukimbia marathoni ya Kilimanjaro na kuimaliza kwa saa 4 na nusu hivi, na sasa ninakusudia kwenda Cape Town mwezi Aprili kukimbia Two Oceans, mbio za kilomita 56. Siku za kazi ninapata nafasi alfajiri tu, kabla ya kwenda shule, na mazoezi marefu ninayafanya Jumamosi. Kinachonitatiza ni kwamba marathoni yetu ya Moshi huangukia mwishoni mwa Februari, wiki chache tu kabla ya safari. Je, niikimbie au niiache? Je, ni lazima nifikishe kilomita 50 katika mazoezi? Naomba pia mnieleze habari ya kula njiani, maana nikipita kilomita 30 tumbo langu hukataa kila kitu.

Mzee wa Kibosho

Mwalimu, ikimbie, lakini usishindane na mtu. Njia ile hupanda kuelekea Mweka, kisha huteremka kurudi Uwanja wa Ushirika, na huo mteremko ndio unaouhitaji. Wengi huogopa kupanda, ilhali kinachomaliza mapaja ni kushuka, kwa kuwa msuli hubeba uzito wa mwili huku ukivutwa, nyuzi zake zikachubuka, na kesho yake mtu akashuka ngazi kinyumenyume. Msuli uliokwisha kuipata adha hiyo hauumii sana safari inayofuata. Kule Cape Town kuna mlima wa Chapman's Peak, halafu ule wa Constantia Nek, ambao unakukuta miguu ikiwa tayari imechoka.

Kilomita 50 za mazoezi sizioni kuwa na maana. Afadhali Jumamosi ukimbie 30, na Jumapili ukishatoka kanisani ukimbie 12 za polepole juu ya miguu iliyochoka. Jifunze pia kutembea: kila kilima kirefu kitembee kwa hatua za haraka tangu mwanzo, kabla hujachoka.

Mkimbiaji wa Sakina, Arusha

Ninamheshimu mzee wangu, ila hapo kwenye Februari ninatofautiana naye. Mtu anayekaa barabarani saa 4 na nusu, katika joto la Moshi la msimu huo, huhitaji wiki mbili au tatu ili arudi katika hali yake, na hizo ndizo wiki za mazoezi yako makubwa. Jiandikishe nusu marathoni, kisha mteremko wa Mweka uufanye siku nyingine kwa utulivu.

Kuhusu muda usiwe na hofu sana. Two Oceans hufungwa baada ya saa 7, kwa hiyo ukifika kilomita 42 kwa saa 4 na nusu, utabakiwa na saa 2 na nusu kwa kilomita 14, muda ambao hata mtu anayetembea kwa haraka unamtosha.

Muuguzi wa Njiro

Dada, tumbo hukataa kwa sababu mbili kuu: unakimbia kasi kupita kiasi, au unalipatia chakula wakati damu imekwisha kuhamia kwenye misuli. Anza kula ndani ya saa ya kwanza, kidogo kidogo, ukilenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takribani gramu 25. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi vinafaa pia, mradi uvizoee Jumamosi zako.

Maji kunywa kwa kiu. Anayekunywa kupita kiasi huishusha chumvi ya damu, na dalili zake, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, watu huzidhania kuwa upungufu wa maji, wakamwongezea mengine. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usimeze kabla ya mbio wala njiani, kwa kuwa huzibana figo ambazo tayari zinapata damu kidogo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Nawashukuru nyote. Nitakimbia nusu marathoni Februari, na Mweka nitaushuka mapema, Januari. Mzee, je, Jumapili hizo za kilomita 12 niziendeleze hadi wiki ngapi kabla ya safari?

Mzee wa Kibosho

Zikomeshe wiki tatu kabla. Baada ya hapo kimbia kidogo na ulale mapema.