Vidonge vya umakini kwa mtoto: kipi kina hatari ndogo ya uraibu?

Mama Wawili, Mikindani
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Daktari aliyemwona Dar kasema ana ADHD, yaani shida ya kutotulia na kukosa umakini, katuandikia methilifenidati, ile wengi wanayoijua kwa jina la Ritalin. Sijaanza kumpa. Kaka yangu tulimzika kwa ajili ya unga, na nimekua nikimwona barazani anapigwa arosto, anatetemeka jua la saa sita, kajifunika blanketi. Nilipofungua karatasi ya ndani ya boksi nikakuta onyo la utegemezi, nikafunga kabati. Naambiwa njia ziko nne: kidonge cha muda mfupi, cha muda mrefu, dawa nyingine iitwayo atomoksetini, au mafunzo ya tabia bila dawa. Mliopitia, nilinganishieni tafadhali.

Mfamasia Mstaafu, Lindi
Pole sana dada kwa msiba wa kaka. Hofu yako ina msingi. Dawa hii imo kwenye jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, ndiyo maana haitolewi bila cheti cha daktari. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maonyo ya matumizi mabaya na uraibu yaandikwe upya kwenye dawa zote za kundi hili, yaani vichangamshi.

Ila mwili kuzoea dawa na uraibu ni vitu viwili. Mwili uliozoea, ukikatishwa ghafla, mtoto atachoka, atalala sana, atanuna. Mraibu anaitafuta dawa hata inapomwangamiza. Kinachomfikisha huko kwa kiasi kikubwa ni dozi na kasi. Kidonge kikimezwa kwa dozi aliyopimiwa, dopamini, kemikali inayoleta hisia ya raha, inapanda taratibu ubongoni. Kikisagwa kikanuswa, inapanda kwa mara moja, na hiyo ndiyo stimu. Cha muda mfupi kinakwenda kama saa 4, kinasagika kirahisi, na mara nyingi mtoto atahitaji kingine mchana akiwa shuleni, kwa hiyo kinapita mikono mingi. Cha muda mrefu anameza asubuhi mbele yako, kinakwenda saa 8 hadi 12. Kati ya hivyo viwili mimi ningechukua cha muda mrefu.

Baba Masasi
Binti yangu ana mwaka wa pili na cha muda mfupi. Hajawahi kukidai hata siku moja, sisi ndio tunamkumbusha. Kilichotutesa ni chakula. Ming'oko anaipenda kuliko kitu chochote, lakini mchana sahani inarudi ilivyokwenda, halafu saa nne usiku anakuja jikoni analia njaa. Siku hizi anakula vizuri kabla ya kidonge, na kliniki wanampima uzito na urefu.

Bibi wa Newala
Wanangu, watoto watundu tumewalea tangu zamani. Mpe kazi, mpeleke kwenye mikorosho akaokote, atatulia. Dawa za kufungiwa kabatini kama bunduki, hizo si za mtoto.

Mfamasia Mstaafu, Lindi
Shikamoo bibi. Kwa mtoto chini ya miaka 6 maneno yako yanakaribiana na ya madaktari: wazazi hufundishwa kwanza namna ya kumwongoza. Kazi fupifupi, ratiba ile ile kila siku, sifa papo hapo akimaliza. Kwa wa miaka 9 aliyeshindwa darasani, hayo hayaachwi, ila mara nyingi peke yake hayatoshi.

Aliyekuwa Chuo, Mtwara mjini
Mimi naogopa kwa upande mwingine. Vidonge hivi nilivipata kwa mwenzangu wa chumba aliyeandikiwa. Ilikuwa wiki ya mitihani. Nilikesha siku mbili, moyo unagonga mpaka nausikia masikioni, na siku ya tatu nikavitaka tena. Yeye mwenyewe, mwenye cheti, hakuwahi kupata shida hiyo. Mama, hesabu vidonge kila jioni.

Nesi wa Kusini
Nagusia atomoksetini. Haina stimu, kwa hiyo hakuna wa kuiiba. Ubaya wake ni subira: wiki 4 hadi 6 kabla hujaona mabadiliko ya maana, na kwa wengi nguvu yake haifikii vichangamshi. Inaweza kuleta kichefuchefu na usingizi. Wiki za mwanzo mwangalie hisia zake, kama ana huzuni au hasira isiyo ya kawaida. Akianza kusema anataka kufa, usingoje kesho. Na kuhusu marehemu kaka: watoto waliotibiwa kwa vichangamshi na kufuatiliwa hadi ukubwani hawakuonekana kuingia kwenye ulevi zaidi ya wenzao wenye ADHD wasiotibiwa. ADHD yenyewe ndiyo inayomsogeza mtu huko.

Mama Wawili, Mikindani
Hilo la mwisho nimelisoma mara tatu nikalia. Nyumbani ninaishi na mtoto wa marehemu, ana miaka 19, nampenda, na marafiki zake nawajua. Kufuli la kabati langu linafunguka kwa kisu. Jumatatu nampigia daktari nimuulize kama tunaweza kuanza na atomoksetini, kwa sababu ya nyumba yangu, si kwa sababu ya mwanangu. Tukirudi kwenye kile kidonge, kiwe cha muda mrefu na nikae nacho mwenyewe. Hiyo atomoksetini anameza kabla au baada ya kula?

Nesi wa Kusini
Vyovyote inaruhusiwa, lakini mpe baada ya chai na kitafunwa, dada. Tumbo tupu litamchafuka.