Wauza flashi za "2TB" kwa elfu 25: nyie ni wezi, na mnajua kabisa kwamba ni wezi

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "flashi yangu imekufa ghafla, nisaidieni", maana flashi ninazozisema hapa hazijafa. Zilizaliwa hivyo.

Nina kiduka cha steshenari na ufundi wa kompyuta hapa Morogoro. Kutoa kopi, kuprinti, kupiga Windows, kusafisha virusi, kujazia watu muvi. Flashi na memori kadi za watu zinapita mkononi mwangu kutwa nzima, na hali imefika mahali nikiona flashi imeandikwa 1TB au 2TB naanza kumtafutia mwenyewe maneno ya pole kabla hata sijaichomeka.

Juzi kaingia mama mmoja mtu mzima, kaifunga flashi kwenye leso kama hela ya kikoba. Imeandikwa 2TB kwa rangi ya dhahabu. Ndani kuna sendofu ya binti yake. Mtu wa kamera alimkabidhi kazi yake humo, akafuta kwenye kadi ya kamera, akaenda zake kwenye shughuli nyingine. Nikachomeka. Folda ipo. Majina ya faili yapo, yamepangwa vizuri: mapokezi, keki, zawadi, kuaga. Ukubwa unasoma, tarehe inasoma. Mama akafurahi, "Si hizo hapo, baba?" Nikabofya keki. VLC ikafunguka, skrini nyeusi tii, saa imeganda kwenye 00:00. Zawadi, hivyohivyo. Kuaga, hivyohivyo. Mapokezi ikacheza mpaka pale wageni wanaanza kuingia ukumbini, ikakata. Akaniuliza kwa upole kama kompyuta yangu ndiyo mbovu.

Nilipomaliza kumnakilia kile kipande kilichobaki, nikamwomba niipime flashi mbele yake. Nikaiwekea ValiDrive. Kwa wasioijua, ni programu ya bure ya Windows, inagusa sehemu 576 zilizotawanyika kwenye flashi nzima, inaandika na kusoma kila sehemu, halafu inakuchorea miraba: kijani maana yake sehemu hiyo ipo kweli, nyekundu maana yake hakuna kitu. Ikaja miraba michache ya kijani kule mwanzoni. Iliyobaki yote nyekundu, ukuta mzima. Flashi ya "2TB", yaani GB 2,000, ina chipu ya GB 8. Mama hajui GB ni nini, lakini ile rangi aliielewa.

Sasa nieleze wizi wenyewe unavyofanyika, kwa sababu naona humu watu wazima wanaambiana "ni flashi ya Mchina tu, haina nguvu". Siyo suala la nguvu. Ndani ya kila flashi na kila memori kadi kuna vitu viwili: chipu inayohifadhi data, na kidhibiti, ambacho ni kikompyuta kidogo kinachozungumza na simu au kompyuta yako. Windows haipimi chochote. Inauliza, "Una ukubwa gani?" na kidhibiti kinajibu. Kikijibu 2TB, Windows inaandika 2TB, basi. Kidhibiti hicho kina programu yake ndani, na programu hiyo inabadilishika. Desemba 2013, kwenye mkutano wa wadukuzi wa 30C3 kule Hamburg, Andrew Huang na Sean Cross walipanda jukwaani wakaonyesha dunia nzima kwamba vidhibiti vya SD kadi, yaani hizi memori kadi, vinaweza kupangwa upya. Kwa hiyo haya si mambo ya ajabu wala siri. Mtu amekaa kiwandani au kwenye chumba cha nyuma, akachukua chipu ya GB 8, mara nyingine hata zile zilizokataliwa kwa ubovu, akaifundisha kudanganya, akaichapa maandishi ya dhahabu.

Ukiweka nyimbo tano, inafanya kazi. Ukiweka picha za simu, inafanya kazi. Muuzaji anachomeka mbele yako, inasoma 2TB, unalipa, unaondoka unachekelea. Siku unapopita ile GB ya nane ndiyo msiba unaanza, na unaanza kimyakimya: nyingine zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vitu vyako vya zamani, nyingine zinapokea data na kuitupa tu. Lakini orodha ya majina ya faili inakaa mwanzoni mwa flashi, mahali ambapo chipu ni ya kweli. Ndiyo maana majina yote unayaona. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, kopi inafika mwisho vizuri. Mwizi wa simu angalau unajua saa aliyokuibia.

Na wanajua hakuna atakayeipima dukani. Pigeni hesabu: flashi hizi zikijitahidi sana zinaandika MB 10 kwa sekunde. Kuijaza 2TB kwa mwendo huo ni sekunde laki mbili, zaidi ya saa 55. Siku mbili na ushee kuandika tu, hapo bado hujasoma kuhakiki. Nani atasimama kaunta siku mbili? Biashara nzima imejengwa juu ya hiyo hesabu.

Naomba sasa niwageukie nyie wa "umepigwa kwa tamaa yako mkuu". Kila uzi wa mtu aliyeibiwa, lazima atokee mmoja wenu na kicheko. Eti 2TB kwa elfu 25 alitegemea nini? Alitegemea kilichoandikwa kwenye bidhaa iliyo kwenye duka lenye leseni, lenye mashine ya risiti, lenye bango! Huyo mama atajuaje kwamba Kingston walipotangaza flashi yao ya kwanza ya 2TB mwaka 2017 ilikuwa dude nene la chuma na bei yake si ya mtu wa kawaida? Na hilo la kwamba wanaopigwa ni wapenda bei rahisi tu nalo si kweli, kwa sababu feki mbaya kuliko zote si hizi za 2TB. Ni zile za GB 64 na 128 zenye nembo ya kampuni kubwa, boksi safi, na bei ileile ya orijino. Mnunuzi hakufanya tamaa yoyote, kalipa bei kamili, kapewa GB 16 iliyovishwa koti. Hapo mtasema nini? Naomba anayekuja na methali ya rahisi na ghali apite tu kimya leo.

Ushahidi kwamba wauzaji wanajua ni swali wanalouliza wenyewe: "Unataka OG (orijino) au ya kawaida?" Ukisema ya kawaida anainama chini ya kaunta, ukisema OG anakwenda kwenye kabati la kioo. Mtu asiyejua hawezi kuzitenga kwenye droo mbili. Na ukirudi nayo, jibu limeshakaririwa: "Umeingiza virusi", "umechomoa bila kui-ejekti", kisha anakuonyesha maandishi kwenye risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi mwenyewe duka moja la jumla Kariakoo lilinipa pakiti nzima ya memori kadi za GB 32, nikazipima kabla sijamuuzia mtu, nusu ni hewa. Niliporudi, kijana akanijibu bila hata kuinua uso kwenye simu: "Kwani bro wateja wako huwa wanajaza?" Hilo jibu sijalisahau. Wateja wako huwa wanajaza!

Ili tusiwaonee wasio na hatia: GB 64 ikisoma 59 na pointi kadhaa hujaibiwa, watengenezaji wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. GB 32 itasoma 29 na kitu. Na flashi inayokataa faili moja lenye zaidi ya GB 4 si feki, imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na huo ndio mpaka wake. Ifomati kwa mfumo wa exFAT itapokea. Nawaambia kwa sababu kuna watu wanaenda kugombana na wauzaji waaminifu kwa mambo haya, halafu wauza feki wanapata kichaka cha kujificha.

Memori kadi nazo angalieni maandishi. Kadi ya aina ya SDHC mwisho wake ni GB 32. Ukikuta kadi imeandikwa SDHC na hapohapo GB 128, irudishe mezani, aliyeichapa hajui hata uongo wake. SDXC mwisho 2TB. Na zile "SSD" za nje, yaani diski za kuchomeka, za 16TB na 30TB zinazopita kwenye matangazo ya mitandao kila usiku, msithubutu. Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao aliagiza moja ya 30TB kutoka AliExpress kwa dola thelathini na moja hivi, akaifungua, akakuta memori kadi mbili zimegandishwa kwa gundi ya moto kwenye bodi ndogo ya USB. Niliyoifungua mimi hapa dukani ilikuwa na kadi moja tu, na kipande cha chuma kimebandikwa pembeni ili uzito uwe wa kiume.

Halafu kuna kundi la pili la wezi, hawa wanaojiita wataalamu wa kurudisha data. Mtu keshalia kwa muuza flashi, anakwenda kwao, wanachomeka, wanaona majina ya faili, wanamwambia "zipo, lete elfu hamsini". Ndugu yangu, kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa popote kinarudishwa kutoka wapi? Programu kama Recuva na PhotoRec zinaokoa faili iliyofutwa ambayo data yake bado ipo kwenye chipu. Hapa data haikufika. Fundi anayechukua hela bila kupima kwanza ukubwa halisi wa flashi ni mwizi mwenzake yule wa kwanza, na nasema hivyo nikiwa fundi.

Serikali sasa. Tunajua inaweza ikiamua. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima. Kabla ya hapo kila mtu alishafundishwa kubonyeza *#06#, kutuma namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 na kupata jibu kama simu ni halali. Bibi zetu vijijini walijua IMEI! Flashi haina IMEI, sawa, haiwezi kuzimwa kutoka mnarani. Lakini inapita bandarini ndani ya kontena, na mzigo unaweza kupimwa kabla haujasambaa. Hapa Morogoro, pale soko la Chifu Kingalu, muuza nyanya mizani yake inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, akipunja robo kilo ana kesi. Huyu anayeuza 2TB na kutoa GB 8 kapunja zaidi ya asilimia 99, na yuko huru, ana tawi la pili.

Na sheria zipo, tusiambiane hakuna. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 haihusu nembo za kughushi tu, inahusu na maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, Tume ya Ushindani, ndiyo mlezi wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Ule mstari wa kwenye risiti haufuti sheria ya nchi. Mwanasheria yeyote humu ajitokeze aseme huyu mama aanzie wapi kwa kitu cha elfu 25, maana nauli ya kwenda na kurudi kwenye ofisi ya malalamiko inaweza kuzidi bei ya flashi, na hapo ndipo wanapotushikia.

Mnaonunua, fanyeni hivi. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa: naipima, ikiwa pungufu unarudisha hela, andika nyuma ya risiti na usaini. Akikataa ondoka. Nyumbani tumia ValiDrive, ni dakika chache tu. Ukitaka uhakika wa kila baiti tumia programu ya H2testw, iache mpaka imalize, na wenye Linux au Mac kuna ya F3. Msinakili kitu chochote cha maana kabla ya hapo. Watu wa kamera, nyie ndio nawalaumu zaidi baada ya wauzaji: mnalipwa laki kadhaa kwa shughuli halafu mnamkabidhi mtu kumbukumbu yake kwenye flashi ya kuokota, na mnafuta kadi wiki hiyohiyo. Kaeni na nakala angalau mpaka mteja aseme ameangalia mpaka mwisho.

Mimi kwangu nimeshaweka kompyuta ya zamani pale kaunta, flashi yoyote uliyonunua popote unapima bure, hata kama hujanunua kwangu. Jirani yangu wa vifaa vya simu kaninunia. Anune.

Wenye maduka mnaoruhusu mteja apime kabla ya kulipa, jitajeni hapa chini na mji mlipo, watu waje kwenu. Na wale wa FCC, TBS (shirika la viwango) na Vipimo mnaopita humu bila kujitambulisha, swali langu ni moja: flashi inayoingia nchini inapimwa ukubwa wake na nani?